Mshikamano wa kikwanta katika molekuli baridi kupindukia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yananijia moja moja. Mengine yanatoka kwa wanafunzi wa kidato cha sita, mengine kwa walimu wenzangu wa fizikia, na machache kwa watu waliolisikia neno "kwanta" redioni wakataka kujua lina nini ndani. Nimeyakusanya hapa. Pale ambapo Kiswahili bado hakijatulia kwenye neno moja, nimechagua linaloeleweka nikaeleza maana yake.

Mshikamano wa kikwanta ni kitu gani hasa?

Kama umewahi kuwatazama wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, nusu ya jibu unayo. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Hakuna anayehesabu, hakuna anayeuangalia mkono wa mwenzake, wameshika mapigo. Watwange upesi au taratibu, hiyo si hoja. Hoja ni kwamba ukijua mchi mmoja uko wapi, umejua na wa pili uko wapi. Mmoja akigeuka kumjibu mtu aliyebisha hodi, mapigo yanapotea na michi inagongana, ingawa nguvu za watwangaji ni zile zile na mahindi ni yale yale.

Molekuli ina ngazi za nishati. Kanuni za kwanta zinairuhusu kuwa katika ngazi mbili kwa pamoja, na kila ngazi inakwenda na mapigo yake. Mahali mapigo yalipofikia panaitwa awamu. Mshikamano, ambao wataalamu wengine huuita koherensi, ni ule uhusiano thabiti kati ya awamu ya ngazi moja na awamu ya nyingine. Ukiwepo, ngazi hizo mbili zinaweza kutiana nguvu au kufutana, kama mawimbi mawili ya bahari yanapokutana. Ukipotea, unabaki na kitu cha kawaida kabisa: molekuli iliyo huku au kule, ila wewe hujui ni wapi.

Hapo kwenye tofauti ya mwisho ndipo wengi wanapokwama. Shilingi iliyofunikwa kwa kiganja imeshalala upande mmoja, ni wewe tu hujauona. Molekuli yenye mshikamano haijalala upande wowote. Hilo si fumbo la wanafalsafa, ni jambo linalopimwa maabara, na nitaeleza chini linavyopimwa.

"Baridi kupindukia" ni baridi kiasi gani?

Kwa kawaida ni halijoto iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya kelvini, ukihesabu kutoka sifuri kabisa, yaani nyuzi -273.15 za Selsiasi. Mionzi iliyojaa utupu ulio kati ya galaksi ina kelvini 2.7, kwa hiyo ukilinganisha na gesi hizi, huko ni joto. Molekuli za potasiamu na rubidi zilizotengenezwa mwaka 2008 katika taasisi ya JILA, mjini Boulder, Colorado, zilikuwa na nanokelvini 350, na nanokelvini ni sehemu moja ya bilioni ya kelvini. Mwaka 2024 maabara ya Sebastian Will katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilizifikisha molekuli za sodiamu na sesiamu kwenye nanokelvini kama 5.

Kwa mwendo inaeleweka vizuri zaidi. Molekuli za naitrojeni katika hewa unayovuta sasa zinakimbia karibu mita 500 kwa sekunde. Zile za Boulder zilikuwa haziendi hata sentimita moja kwa sekunde. Huo ni mwendo wa konokono.

Basi baridi ndiyo inayoleta mshikamano?

Hapana, na kosa hili limeenea hata kwenye vitabu. Baridi haileti mshikamano. Inaondoa fujo ili mshikamano uonekane na udumu. Molekuli za chumbani zimetapakaa katika mamia ya ngazi za mzunguko, zinagongana mara mabilioni kwa sekunde, na kila mgongano unavuruga awamu. Ukizipoza, unaweza kuziweka zote katika ngazi moja tu, ukazishika mahali pamoja, na ukapata muda wa kufanya nazo kitu. Lakini unaweza kuwa na gesi baridi sana isiyo na mshikamano wowote wenye manufaa.

Na kinyume chake kipo. Mwaka 2023 kundi la JILA linalohusishwa na Eric Cornell lilipima umbo la elektroni kwa kutumia ioni za molekuli ya hafniamu na floraini zilizonaswa kwa uga wa umeme. Ioni hizo hazikuwa baridi kupindukia kwa kipimo nilichotoa juu, lakini mshikamano wake ulidumu hadi kama sekunde 3, kwa sababu ngazi zilizochaguliwa zilikuwa hazisumbuliwi na mengi. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu: mtu akikutajia halijoto, muulize na mshikamano ulidumu kwa muda gani.

Kwa nini molekuli, wakati atomu ni rahisi zaidi?

Atomu ni mviringo. Molekuli ya atomu mbili tofauti ina mhimili: inazunguka, inatetema, na ina upande unaoelekea chanya na upande unaoelekea hasi. Viini vyake navyo vina spini, yaani visumaku vidogo mno vyenye mielekeo michache inayohesabika. Kwa hiyo molekuli moja ina ngazi nyingi za kuhifadhia habari, na ina mkono wa umeme wa kumgusa jirani aliye mbali. Sodiamu na sesiamu zikiungana zina ncha mbili za umeme zenye nguvu karibu mara 8 ya zile za potasiamu na rubidi.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Molekuli iliyo katika ngazi ya chini kabisa ya mzunguko, bila uga wa umeme kutoka nje, haielekei popote. Ncha zake zipo, lakini ukipima wastani wa mwelekeo wake unapata sifuri, kwa sababu hali yake ya kikwanta imesambaa sawasawa pande zote. Ukiipandisha ngazi ya pili yote kamili, bado ni sifuri. Iweke katika ngazi zote mbili kwa pamoja, na mshikamano uwepo: hapo ncha za umeme zinaanza kuyumba huku na huku, mara milioni mamia au mabilioni kwa sekunde kutegemea molekuli, na jirani anazihisi. Kwa hiyo mshikamano ndio ulimi ambao molekuli hizi zinasemea. Awamu ikipotea, zinakuwa mabubu.

Mwaka 2013 kundi la Jun Ye na Deborah Jin, hapo hapo JILA, liliuona usemi huo. Waliziweka molekuli kwenye vishimo vilivyotengenezwa kwa mwanga wa leza, kimoja kimoja kama mashimo ya bao, vishimo vingi vikiwa vitupu, wakaona molekuli zinapeana mzunguko bila kuhama: huyu anaacha kuzunguka, yule wa kishimo kingine anaanza. Deborah Jin alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 47. Mengi yaliyoandikwa kwenye ukurasa huu yamejengwa juu ya kazi yake.

Zinapozwaje?

Njia ni mbili, na kila moja ina wapenzi wake.

Ya kwanza ni kupoza atomu kwanza, kisha kuziunganisha. Kupoza atomu kwa leza na kwa kuacha zile za moto zitoroke ni ufundi uliokomaa. Gesi ya kwanza ya Bose na Einstein, yaani gesi ambayo chembe zake zote zimekuwa wimbi moja, ilipatikana mwaka 1995 Boulder. Ukishakuwa na potasiamu na rubidi baridi mahali pamoja, unabadilisha uga wa sumaku taratibu kuzunguka gausi 546 (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), na atomu mbili zinashikana. Lakini zinashikana kwa ncha za vidole tu: molekuli hiyo ni kubwa, legelege, na imejaa mtetemo. Inatakiwa ishushwe mpaka ngazi ya chini kabisa, na nishati inayopaswa kuondolewa ingetosha, kama ingegeuka joto, kuifikisha kwenye kelvini kama 6,000. Gesi nzima ina nanokelvini 350.

Dawa ni leza mbili. Moja inaunganisha ngazi ulipo na ngazi ya juu ya kati, nyingine inaunganisha hiyo ya kati na ngazi ya chini unakotaka kwenda. Akili ya kawaida ingesema uwashe ile ya kwanza kwanza. Wao huwasha ile ya pili kwanza, inayounganisha ngazi mbili ambazo hazina kitu, kisha wanaififisha polepole huku ile ya kwanza ikipanda. Molekuli inapita kutoka juu hadi chini bila kukaa kwenye ngazi ya kati hata kidogo, na nishati yote inaondoka na mwanga. Haya yanawezekana ikiwa tu leza hizo mbili zenyewe zinashika mapigo pamoja muda wote. Kwa maneno mengine, mshikamano unahitajika hata kabla ya kupata molekuli ya kuupima. Kuanzia hapo RbCs (rubidi na sesiamu) ilipatikana kwa njia hiyo Innsbruck na Durham mwaka 2014, NaK (sodiamu na potasiamu) katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2015, na nyingine zikafuata.

Njia ya pili ni kuipoza molekuli yenyewe kwa leza. Kwa muda mrefu watu waliamini haiwezekani, kwa sababu molekuli ikishapigwa na mwanga huanza kutetema na kutoroka kwenye rangi ya leza yako. Mwaka 2010 kundi la David DeMille, Yale, lilionyesha kwa SrF (strontiamu na floraini) kwamba ukichagua molekuli vizuri na kuongeza leza chache za kuwarudisha watoro, inakubali. CaF (kalsiamu na floraini) ndiyo iliyopendwa zaidi baadaye, London na Harvard.

Mshikamano unapimwaje?

Tuchukue kipimo kimoja tukitazame kwa karibu. Meza ya chuma yenye matundu, vioo vidogo mamia, na katikati kikasha kilichotolewa hewa mpaka kilichobaki ndani ni chini ya sehemu moja ya trilioni ya hewa ya nje. Humo limo wingu la molekuli elfu chache, limeshikwa na mwanga wa leza. Zote ziko ngazi ya chini.

Unatuma mawimbi ya maikrowevu kwa muda mfupi uliokatwa sawasawa, nusu ya muda ambao ungezipandisha zote. Sasa kila molekuli iko ngazi zote mbili kwa pamoja. Unazima maikrowevu. Unasubiri. Katika giza hilo michi miwili inaendelea kutwanga. Kisha unatuma pigo la pili, sawa na la kwanza. Awamu ikiwa imekaa vizuri, pigo la pili linakamilisha kazi na molekuli zote zinaishia juu. Ukisubiri kidogo zaidi, linabatilisha kazi na zote zinarudi chini. Ukisubiri zaidi, juu tena. Unachora grafu: mawimbi yanayopanda na kushuka kadiri muda wa kusubiri unavyoongezeka.

Sasa endelea kuurefusha muda. Vilele vya mawimbi vinaanza kufupika, mabonde yanaanza kujaa. Kila molekuli imesumbuliwa kwa namna yake, moja iko mbele kidogo, nyingine nyuma. Mwisho grafu inalala katikati, nusu kwa nusu, usubiri usisubiri. Muda inaochukua kulala ndio muda wa mshikamano. Mbinu hii ni ya Norman Ramsey, ya mwaka 1949, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989.

Kuna ujanja wa Erwin Hahn wa mwaka 1950 unaosaidia: katikati ya kusubiri unatuma pigo linalogeuza kila kitu, wa mbele anakuwa wa nyuma, na kama kinachowasumbua hakibadiliki, mwishoni wote wanafika pamoja. Unaitwa mwangwi wa spini.

Ni nini kinachouvunja?

Chochote kinachoweza "kujua" molekuli iko ngazi gani. Hilo ndilo jibu la jumla. Maabara kila siku wanapambana na adui hawa.

Mwanga wa mtego wenyewe ni adui wa ndani ya nyumba. Leza inayoishika molekuli inasogeza ngazi zake za nishati, na inazisogeza kwa viwango tofauti: molekuli inayozunguka inaupokea mwanga tofauti na ile isiyozunguka, kwa kuwa umbo lake la kikwanta angani ni jingine. Tena mwanga una nguvu zaidi katikati ya mtego kuliko pembeni. Molekuli ya katikati inakwenda na saa yake, ya pembeni na yake. Kwa miaka mingi hili ndilo lililokuwa likiuua mshikamano wa mzunguko ndani ya milisekunde.

Uga wa sumaku unaoyumba ni wa pili. Umeme wa ukutani unatetema mara 50 kwa sekunde Ulaya na kwetu, mara 60 Marekani, na kila waya unaopita ukutani unatoa uga mdogo wa sumaku unaotetema nao. Watafiti wengi huanzisha kila kipimo kwenye nukta ile ile ya mtetemo wa umeme wa jengo ili angalau usumbufu uwe wa aina moja kila mara.

Wa tatu ni migongano. Potasiamu-rubidi mbili zikikutana zinabadilishana atomu na kuwa potasiamu-potasiamu na rubidi-rubidi. Kundi la JILA liliona mmenyuko huo mwaka 2010, ukitokea hata kwenye baridi ile. Molekuli nyingine hazina nishati ya kumenyuka hivyo, na watu walitarajia zingedumu. Hazikudumu. Zinagandana kwa muda, na mwanga wa mtego unazikuta zimegandana na kuziharibu.

Wimbi la miujiza ni nini?

Ni jina ambalo wanasayansi wenyewe wameupa urefu wa wimbi ambapo mwanga unazisogeza ngazi mbili kwa kiasi kile kile. Mchi mmoja ukichelewa, na mwingine unachelewa vivyo hivyo, na mapigo yanabaki.

Kundi la Simon Cornish, Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, lililipata wimbi la namna hiyo kwa RbCs karibu na nanomita 1145. Matokeo yao yalitoka mwaka 2024: mshikamano wa mzunguko ulidumu sekunde 0.78 bila mwangwi, na walikadiria zaidi ya sekunde 1.4 kwa mwangwi mmoja. Sekunde 0.78 inasikika kama si kitu. Lakini ngazi hizo mbili za RbCs zinatofautiana kwa mapigo kama milioni 980 kwa sekunde. Yaani watwangaji wetu walipiga zaidi ya mara milioni 700 kabla ya kupotezana.

Rekodi ni ipi, na je, muda mrefu ndio bora?

Inategemea umehifadhi nini. Ukiweka mshikamano kwenye spini za viini huku molekuli ikiwa haizunguki kabisa, unadumu sana: mwaka 2017 kundi la Martin Zwierlein, MIT, lilipata karibu sekunde 0.7 kwa NaK, na mwaka 2021 Durham walivuka sekunde 5.6 kwa RbCs. Spini za viini zimejificha ndani kabisa, ni visumaku dhaifu, na mwanga unazigusa kwa shida.

Lakini kilichojificha hivyo hakisemi na mtu. Spini hizo hazifiki kwa jirani. Mzunguko ndio unaofika, na kwa sababu hiyo hiyo unafikiwa na kila kelele. Hii ndiyo roho ya kazi yote: mlango unaoingiza mgeni ndio unaoingiza vumbi. Njia inayofuatwa ni kuitumia molekuli kama nyumba yenye sebule na chumba cha ndani: habari inatunzwa kwenye spini, inatolewa kwenye mzunguko pale inapotakiwa kuongea na jirani, kisha inarudishwa. Ukiniuliza mimi, uwezo huo wa kuhama kutoka chumba kimoja hadi kingine ndani ya molekuli ile ile ni hoja nzito kuliko rekodi yoyote ya sekunde.

Molekuli zikimenyuka kikemia, mshikamano si unakufa?

Ungedhani hivyo, na mimi nilidhani hivyo. Mmenyuko ni vurugu: vifungo vinakatika, vingine vinafungwa, nishati inatoka. Lakini mwaka 2024 kundi la Kang-Kuen Ni, Harvard, lilichapisha jibu tofauti. Kang-Kuen Ni ndiye aliyetangulia katika orodha ya waandishi wa kazi ya JILA ya mwaka 2008, akiwa mwanafunzi wakati huo.

Waliziandaa KRb (potasiamu na rubidi) baridi zikiwa na mshikamano kwenye spini za viini, wakaziacha zimenyuke, kisha wakazihesabu K₂ na Rb₂ zilizotoka. Kanuni ya ulinganifu inasema molekuli ya viini viwili vinavyofanana haina uhuru wa kuzunguka itakavyo: spini zikipangika namna moja, namba ya mzunguko ni shufwa, zikipangika namna nyingine, ni witiri. Kwa hiyo mzunguko wa mazao ni barua inayosimulia spini zilivyokuwa. Mshikamano ungekufa njiani, shufwa na witiri zingegawanyika kwa kiwango kimoja. Ukisalimika, kwa kiwango kingine. Hesabu ilikubaliana na kusalimika. Molekuli nne-atomu inayoundwa katikati ya mmenyuko ilikwishapimwa kuwa inaishi nanosekunde kama 360, muda mrefu mno kwa kipimo cha kemia, na bado spini zilipita humo na awamu zao mkononi.

Je, molekuli mbili zimeshawahi kufungamanishwa, yaani kufanywa ziwe na hali moja ya kikwanta, ili ukipima moja ujue na ya pili?

Ndiyo. Mwishoni mwa 2023 makundi mawili, la Lawrence Cheuk wa Princeton na moja la Harvard, yalitangaza kwa pamoja kufungamanisha molekuli mbili za CaF. Kila molekuli ilikuwa imeshikwa na kibano chake cha mwanga, yaani miale ya leza iliyokusanywa kwenye nukta moja, kisha zikasogezwa karibu karibu mpaka ncha zake za umeme zikahisiana. Januari 2025 yakatoka mengine mawili: kundi la Kang-Kuen Ni likatumia NaCs (sodiamu na sesiamu) kutengeneza lango la mantiki kwa kyubiti mbili (kyubiti ni kipande kimoja cha habari ya kikwanta), na ufungamano wa ubora wa asilimia kama 94, Durham wakafungamanisha RbCs ndani ya vibano vya wimbi la miujiza kwa ubora wa asilimia kama 92, ufungamano ukidumu kwa muda unaokaribia sekunde.

Kwa hiyo kompyuta za kwanta za molekuli zinakuja?

Kwa sasa atomu zisizo na chaji, ioni na saketi za umeme zisizo na ukinzani ziko mbele sana kwa idadi na kwa ubora. Molekuli zina kyubiti mbili mbili zinazotembea vizuri. Naona nguvu yake ya kwanza ikionekana kwenye kuiga sumaku na mata ngumu kuhesabu, si kwenye kompyuta ya matumizi yote.

Kuna faida gani nyingine?

Kupima. Mshikamano unaodumu ni rula ndefu. Ile kazi ya JILA ya 2023 niliyoitaja ilitafuta kama elektroni ina upande chanya na upande hasi, jambo ambalo lingesaidia kueleza kwa nini ulimwengu una mata nyingi na mata-kinyume haba. Hawakuona kitu, na kutoona huko kuliweka kikomo cha 4.1 × 10⁻³⁰, kwa kipimo cha chaji ya elektroni mara sentimita. Nadharia nyingi za chembe mpya zinabanwa na namba hiyo, iliyotoka kwenye maabara inayoenea chumba kimoja.

Tena kuna saa. Tanya Zelevinsky na wenzake wa Columbia wanatumia mtetemo wa molekuli ya strontiamu mbili kama saa, kwa sababu mtetemo unategemea uzito wa viini kwa namna ambayo saa za atomu hazitegemei. Kama uwiano wa uzito wa protoni na elektroni unabadilika na zama, saa ya namna hii ndiyo ya kuuliza.

Tatizo la molekuli kugandana zinapogongana limetatuliwa?

Kwa sehemu kubwa, na kwa njia ya kupendeza. Ukizimulika molekuli kwa maikrowevu yanayozungusha ncha zake za umeme, unaweza kuzifanya zisukumane kabla hazijafikiana. Ni kama kila moja kuvaa ngao. Kundi la Taasisi ya Max Planck, Garching, Ujerumani, lilitumia ngao hiyo mwaka 2022 kupoza NaK hadi nanokelvini 21. Columbia, wakishirikiana na mnadharia Tijs Karman wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakaongeza maikrowevu ya pili, na mwaka 2024 wakapata gesi ya Bose na Einstein ya NaCs: molekuli zote zikiwa wimbi moja, na likadumu sekunde kama mbili.

Je, kazi hii ni hatari?

Gesi yenyewe haina hatari yoyote. Leza zinaweza kupofusha macho, ndiyo maana wanavaa miwani.

Kuna jina la kwetu katika sayansi hii?

Katika ujirani wake, ndiyo. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakitangulia kuganda kabla ya yaliyopoa. Yeye na Denis Osborne wa Dar es Salaam wakachapisha mwaka 1969. Leo wanafizikia wanazungumzia "tukio la Mpemba la kikwanta", pale mfumo uliovurugwa zaidi unapotulia mapema zaidi, na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck waliliona kwa ioni zilizonaswa. Hizo ni ioni, si molekuli baridi, lakini jina ni hilo hilo.

Ninataka kuisoma. Nianzie wapi?

Namba changamano, mawimbi, na aljebra ya matriki. Bila hizo tatu utakuwa unakariri hadithi. Kwa shahada ya uzamili ya fizikia, ipo taasisi ya EAIFR mjini Kigali, inayohusiana na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia.

Leo jioni, kabla ya hesabu, fanya hivi. Funga kamba kati ya viti viwili, ilegee kidogo. Ning'iniza mawe mawili yanayolingana kwa nyuzi za urefu mmoja, umbali wa mkono mmoja kati yake. Sukuma moja. Litabembea, kisha litaanza kuchoka, na lile la pili, ambalo hujaligusa, litaanza kubembea. Itafika nukta la kwanza limesimama kabisa na la pili lina kila kitu. Kisha litarudisha. Ndivyo molekuli za Boulder zilivyopeana mzunguko.

Sasa fupisha uzi mmoja kwa vidole vinne, sukuma tena jiwe lile lile. Hivi ndivyo mwanga usio sawa unavyofanya kwa molekuli mbili. Jiwe la pili litatikisika kidogo, litatulia kabla halijapokea chote, na la kwanza halitasimama kumpisha.